Poti ya siriali iliyonyamaza: uchambuzi wa katizo lililopotea katika kerneli ya kompyuta ya kale

Kisa kinachochambuliwa hapa kinahusu kerneli ndogo, yaani kiini cha mfumo endeshi, iliyoandikwa kwa ajili ya kompyuta za aina ya IBM PC/AT, yaani mashine za kuanzia mwaka 1984 zenye prosesa ya 80286, vidhibiti viwili vya makatizo vya 8259A, na poti ya siriali inayosimamiwa na chipu ya 16450. Kerneli hiyo ilikuwa imefikia hatua nzuri: saa ilihesabu, kibodi ilijibu, diski ilisomeka na kuandikika, na mafaili yalihamishwa kupitia poti ya siriali kwa itifaki ya XMODEM bila kasoro yoyote. Tatizo lilijitokeza pale ilipoongezwa SLIP, itifaki ya kubeba pakiti za IP juu ya waya wa siriali iliyoelezwa katika RFC 1055 ya mwaka 1988. Mashine ilipoanza kutuma na kupokea kwa wakati mmoja, poti ilinyamaza. Kerneli haikuanguka, hakuna ujumbe wa kosa uliotokea, na kazi nyingine zote ziliendelea kama kawaida. Ni poti hiyo peke yake iliyoacha kupokea na kutuma, na haikurudi mpaka mashine iwashwe upya.

Dalili zilikuwa na mpangilio wake, ingawa mwanzoni zilionekana kama bahati nasibu. Mtiririko mzito wa pande zote mbili uliua poti ndani ya dakika moja, ilhali mtumiaji aliyekuwa akiandika amri polepole kwa mbali aliweza kufanya kazi kwa saa kadhaa kabla ya kukwama. Zaidi ya hayo, poti ilikufa upesi zaidi kila diski kuu ilipokuwa ikisomwa. Dalili hii ya mwisho ndiyo iliyopotosha uchunguzi kwa muda mrefu, kwa sababu ilifanya draiva ya diski, yaani sehemu ya kerneli inayoiendesha diski, ionekane kuwa mhusika, na mtu akishaamini hivyo hupitia msimbo usiokosea huku ule wenye kosa ukibaki haujaguswa.

Ili kuelewa kilichotokea, ni lazima kwanza kufuata njia ya katizo, yaani ishara ya kifaa inayoitaka prosesa isitishe kazi yake kwa muda na kukihudumia, katika mashine hii. Baiti inapofika kutoka nje, chipu ya 16450 huiweka katika rejista (kihifadhi kidogo ndani ya chipu) yake ya kupokea na kuinua volteji ya waya wake wa katizo. Waya huo, kwa poti ya kwanza yenye anwani 3F8h (h huonyesha namba ya mfumo wa kumi na sita), unaingia kwenye mguu wa IR4 wa kidhibiti kikuu cha 8259A, ambacho mistari yake huhesabiwa kuanzia sifuri, ndiyo maana tunauita IRQ4, yaani ombi la katizo namba 4. Kidhibiti hulinganisha ombi hilo na maombi mengine kwa kipaumbele, kisha huiarifu prosesa, na prosesa ikikubali hupewa namba ya vekta, inayoielekeza kwenye msimbo wa kulihudumia katizo hilo. BIOS ya IBM, programu ya msingi iliyomo ndani ya mashine, iliweka IRQ0 hadi IRQ7 kwenye vekta 08h hadi 0Fh, ingawa Intel ilikuwa imehifadhi vekta 32 za mwanzo kwa ajili ya hitilafu za prosesa yenyewe. Kwa hiyo kerneli inayotumia hali ya ulinzi ya 80286 hulazimika kukipanga upya kidhibiti ili makatizo yaanzie 20h. Katika kerneli yetu, IRQ4 ilifika kwenye vekta 24h, na sehemu hiyo ilikuwa imefanywa sawasawa.

Jambo ambalo ni rahisi kulisoma katika kitabu cha chipu na kulipita bila kulitafakari ni namna kidhibiti kinavyotambua ombi. Katika kompyuta za AT na mtangulizi wake, PC ya mwaka 1981, 8259A hupangwa ili itambue ukingo, yaani kitendo cha volteji kupanda kutoka chini kwenda juu. Volteji ikishapanda na ombi likishapokelewa, kuendelea kwake kubaki juu hakuna maana yoyote kwa kidhibiti. Ni kama mgeni anayepiga hodi mara moja tu kisha akasimama mlangoni kimya: asipofunguliwa kwa hodi hiyo, hapigi nyingine mpaka kwanza aondoke.

Tukirudi kwenye poti iliyonyamaza, kulikuwa na maelezo manne yanayowezekana. Huenda prosesa ilikuwa imefungiwa makatizo yote. Huenda mstari wa nne ulikuwa umezibwa katika kidhibiti. Huenda rutini ya katizo, yaani msimbo unaolihudumia, ilitoka bila kutoa amri ya EOI, ile inayokiambia kidhibiti kwamba huduma imekwisha. Au huenda chipu ya siriali yenyewe ilikuwa imeacha kuomba. La kwanza lilijifuta lenyewe, kwani saa, ambayo ni IRQ0, iliendelea kuhesabu. La tatu nalo lingeweza kufutwa kwa kufikiri tu, bila kusoma rejista hata moja: EOI ya IRQ4 ikikosekana, 8259A huzuia pia mistari yote yenye kipaumbele cha chini yake, ikiwemo IRQ6 ya disketi, na disketi katika mashine hii iliendelea kusomwa vizuri wakati poti ikiwa imekufa. Nasisitiza hoja hii kwa sababu watu wengi hukimbilia kuongeza EOI za ziada kila katizo linapopotea, na EOI isiyo na mahali huweza kufuta huduma ya katizo jingine lililokuwa katikati ya kazi.

Ushahidi ulioamua ulipatikana kwa kuongeza katika draiva ya kibodi mchanganyiko maalumu wa vitufe unaochapisha rejista kwenye skrini. Rejista ya kuziba, IMR, ilisomwa kwenye poti 21h (poti hapa ni anwani ya kuwasiliana na chipu), na biti ya nne ilikuwa sifuri, maana yake mstari uko wazi. Rejista ya huduma, ISR, ambayo husomwa kwa kuandika 0Bh kwenye poti 20h kisha kusoma poti hiyohiyo, haikuonyesha huduma yoyote ya IRQ4 iliyobaki wazi. Rejista ya maombi, IRR, inayosomwa kwa njia hiyohiyo baada ya kuandika 0Ah, haikuonyesha ombi lolote kwenye mstari wa nne. Hata hivyo rejista ya utambulisho wa katizo ndani ya 16450, inayoitwa IIR na iliyoko 3FAh, ilikuwa na biti ya chini kabisa yenye thamani ya sifuri, na katika chipu hii sifuri hapo humaanisha kwamba kuna katizo linalosubiri. Kifaa kilikuwa kinaomba huduma huku kidhibiti kikisema hakijaombwa kitu. Hakuna hitilafu ya draiva ya diski inayoweza kuleta picha kama hiyo.

Mpangilio wa usomaji huo una uzito wake. IIR lazima isomwe mwisho, kwa sababu kuisoma hubadilisha hali ya chipu: ikiwa sababu inayoonyeshwa ni kwamba rejista ya kutuma imekuwa tupu, kitendo cha kuisoma IIR pekee hufuta sababu hiyo na kushusha waya. Katika kisa hiki kulikuwa na nyakati ambapo upande wa pili ulikuwa umeacha kutuma ukisubiri jibu, na hapo kubonyeza vitufe vya uchunguzi kuliifufua poti upande wa kupokea, huku upande wa kutuma ukibaki umekwama kwa kuwa draiva iliamini bado kuna katizo la kutuma linalokuja. Nyakati nyingine, pale ambapo baiti mpya zilikuwa zimeshafika, IIR ilionyesha sababu ya kupokea, ambayo haifutwi mpaka rejista ya kupokea isomwe, na poti ilibaki imekufa vilevile. Mchunguzi asiyejua tabia hii angehitimisha kwamba kuna matatizo mawili tofauti.

Sasa tuitazame rutini yenyewe. Ilihifadhi rejista za prosesa, ikasoma IIR mara moja, ikachagua njia kulingana na sababu iliyoonyeshwa, ikahudumia sababu hiyo moja, ikatoa EOI, ikarudi. Kwa macho ya mtu wa leo haina kasoro. Lakini 16450 ina waya mmoja kwa sababu nne zenye vipaumbele: kosa la mapokezi, kisha baiti iliyopokelewa, kisha rejista ya kutuma kuwa tupu, na mwisho mabadiliko ya ishara za modemu. Waya hubaki juu maadamu walau sababu moja iliyoruhusiwa bado ipo. Tuseme baiti imefika na waya umepanda; kidhibiti kimetambua ukingo na prosesa imeingia kwenye rutini. Kabla rutini haijasoma rejista ya kupokea, rejista ya kutuma nayo inakuwa tupu. Rutini inasoma baiti iliyopokelewa, na sababu ya kwanza inafutika, ila sababu ya pili inaendelea kuushikilia waya juu. Rutini inatoa EOI na kuondoka. Kwa kuwa waya haukushuka hata kidogo, hautapanda tena, na bila kupanda hakuna katizo. Baiti zinazofuata zinaingia kwenye rejista ya kupokea, moja ikiifuta nyingine, na hakuna anayekuja kuzichukua.

Maelezo haya yanazieleza dalili zote, na hapo ndipo mtu hupata haki ya kuyaamini. XMODEM haikuwahi kuiua poti kwa sababu hutuma bloku ya baiti 128 kisha husubiri baiti moja ya kukubaliwa. Pande mbili hazizungumzi kwa pamoja, kwa hiyo sababu mbili hazikutani ndani ya chipu. SLIP haina subira hiyo, kwani pakiti za TCP, itifaki ya kuhakikisha data inafika juu ya IP, na majibu yake hupishana wayani. Kwa kasi ya biti 9600 kwa sekunde, kila baiti yenye biti 10 huchukua mikrosekunde 1042 hivi, na hatari ipo tu katika sehemu ndogo ya muda huo, kuanzia waya unapopanda hadi rejista ya kupokea inaposomwa. Hata hivyo mwendo wa kutuma unafuata kristali ya mashine yetu, na mwendo wa kupokea unafuata kristali ya mashine ya mbali. Kristali hizo zikitofautiana kwa sehemu 50 tu katika milioni moja, mitiririko miwili isiyokatika hutelezana kwa urefu wa baiti nzima katika takriban sekunde 21, na katika kuteleza huko lazima ipite kwenye eneo la hatari. Ndiyo maana mzigo mzito uliua poti ndani ya dakika moja.

Draiva ya diski nayo ilipata maelezo yake. Ilikuwa ikihamisha sekta ya baiti 512 kwa maagizo ya kusoma poti mfululizo huku makatizo yakiwa yamefungwa. Kwa prosesa ya 80286 ya megahezi 8, maneno 256 yanahitaji mizunguko ya saa 1029 hata bila kusubiri basi (njia ya pamoja ya data kati ya prosesa na vifaa), yaani kama mikrosekunde 129. Katika muda huo, baiti ikifika, waya wa siriali unapanda lakini prosesa haisikii, hivyo eneo la hatari linapanuka kutoka makumi machache ya mikrosekunde hadi zaidi ya mia. Diski ilizidisha uwezekano wa hitilafu ambayo tayari ilikuwepo mahali pengine.

Naona ni muhimu kusema kwa nini kosa hili linaandikwa tena na tena na watu wenye ujuzi. Katika basi la Micro Channel la mwaka 1987, na baadaye PCI, makatizo hutambuliwa kwa kiwango cha volteji, na wala si kwa ukingo. Katika mfumo huo, rutini inayoondoka kabla ya kumaliza huitwa tena papo hapo kwa kuwa waya bado unaonyesha ombi. Kosa la kuhudumia sababu moja kwa kila mwito hugharimu muda kidogo tu, na halionekani. Aliyejifunza kuandika draiva katika mazingira hayo huja kwenye basi la AT akiwa na desturi ambayo vifaa vimekuwa vikimsamehe miaka yote. Kwenye ukingo, wajibu wa rutini ni kuhakikisha kwamba kabla haijaondoka, waya umeshuka.

Pendekezo la kwanza la tiba lilikuwa kuiita rutini ya siriali kutoka kwenye katizo la saa, ili poti iliyonyamaza iamshwe. Napinga tiba hiyo kwa kisa hiki, ingawa nakiri kwamba ina nafasi yake kwa chipu ambazo zenyewe zina kasoro ya kutotoa katizo la kutuma, na Linux huwa na kipima muda cha akiba kwa ajili ya chipu za namna hiyo. Hapa chipu ni nzima. Kerneli hii inahesabu saa mara 100 kwa sekunde, hivyo kati ya mwito mmoja na mwingine zinapita milisekunde 10, ambazo kwa biti 9600 ni baiti 9 au 10, na kwa kuwa 16450 hushikilia baiti moja tu iliyopokelewa, zote isipokuwa moja zitapotea. Pakiti itaharibika, itatupwa, mtumaji asipopata uthibitisho ataituma tena, na mtumiaji ataona tu kwamba mtandao ni wa polepole. Hitilafu iliyokuwa wazi itakuwa imefichwa mahali ambapo hakuna atakayeitafuta.

Tiba iliyokubaliwa ni kuifanya rutini izunguke: isome IIR, ihudumie sababu iliyoonyeshwa, isome IIR tena, na irudie hivyo mpaka biti ya chini iwe moja, yaani chipu iseme haina tena ombi; ndipo itoe EOI na kurudi. Sababu mpya ikizuka baada ya usomaji huo wa mwisho, waya utapanda kutoka chini, kidhibiti kitauona ukingo, na katizo litatolewa mara tu baada ya EOI. EOI ibaki mwishoni. Ikitolewa mwanzoni, kidhibiti kinaweza kuiarifu prosesa kuhusu ukingo mpya ambao mzunguko wa rutini tayari umeuhudumia, na ombi likitoweka kabla ya prosesa kulipokea, 8259A hutoa katizo la uongo kwenye IRQ7. Kerneli yoyote ya mashine hizi inapaswa kulitarajia katizo hilo: rutini ya IRQ7 isome ISR, na ikikuta biti ya saba ni sifuri, irudi bila kutoa EOI.

Mzunguko unahitaji kikomo, kwa kuwa kifaa kilichoharibika kinaweza kuomba bila kikomo na kuiteka prosesa. Lakini kutoka kwa sababu ya kikomo kunaturudisha kwenye hitilafu ileile, waya ukiwa juu. Njia salama ni kuandika sifuri kwenye rejista ya kuruhusu makatizo iliyoko 3F9h kisha kuirudishia thamani yake: kufunga sababu zote kunashusha waya, na kuzifungua tena kunaupandisha kama bado kuna ombi, hivyo ukingo mpya unazaliwa. Wapo wanaofanya hivyo mwishoni mwa kila katizo badala ya kuzunguka. Njia hiyo ni sahihi, ila kila tendo la kusoma au kuandika kwenye basi hili lina gharama, na mzunguko huhudumia sababu mbili kwa mwito mmoja, kwa hiyo naupendelea.

Mambo mawili madogo yalirekebishwa papo hapo. Msimbo ulilinganisha thamani nzima ya IIR, jambo ambalo lingevunjika siku chipu ya 16550A ikiwekwa, kwani foleni yake ya baiti 16 ikiwashwa, biti mbili za juu za IIR huwa moja daima. Sasa zinatengwa kwanza. Pia sehemu ya kerneli inayoanzisha utumaji ilibadilisha rejista ya kuruhusu makatizo huku makatizo yakiwa wazi, na sasa huhifadhi bendera za prosesa, hufunga makatizo, huandika, kisha huzirudisha bendera kama zilivyokuwa. Ikumbukwe pia kwamba draiva hii haikuwa imeruhusu katizo la kosa la mapokezi. Kama ingeliruhusu, baiti moja tu kufutwa na nyingine ingetosha kuiua poti hata kwa mtiririko wa upande mmoja, kwa kuwa kosa na baiti huzuka pamoja na rutini ya zamani ingehudumia kosa peke yake.

Baada ya marekebisho, poti haikunyamaza tena, ila kwa kasi ya biti 115200 baiti ziliendelea kupotea diski iliposomwa. Hilo ni suala jingine na lisichanganywe na la kwanza. Kwa kasi hiyo baiti mpya huja kila mikrosekunde 87 hivi, na draiva inayofunga makatizo kwa mikrosekunde 129 haiwezi kuivumilia. Linux ilikuwa na mgongano huohuo: draiva yake ya diski za ATA ilifunga makatizo wakati wa uhamishaji, na programu ya hdparm iliwekewa chaguo la kuyafungua, huku mwongozo wake ukitaja wazi kwamba hilo huondoa makosa ya poti ya siriali. Katika kerneli yetu draiva ya diski sasa huyaacha makatizo wazi wakati wa kuhamisha sekta, jambo linalowezekana kwa sababu agizo la kusoma mfululizo la 80286 linaweza kukatizwa kati ya neno na neno.

Lililobaki ni jaribio la kuthibitisha. Hali ya 16450 ya kujirudishia data yenyewe haifai hapa, kwa sababu mbili: kutuma na kupokea hufuata kristali moja, hivyo mitiririko haitelezani, na katika hali hiyo ishara ya OUT2, ambayo katika PC ndiyo inayofungua njia ya katizo kuelekea kwenye basi, huzimwa, kwa hiyo IRQ4 haifiki kabisa. Jaribio linalofaa ni mashine mbili zilizounganishwa kwa waya, kila moja ikimtumia mwenzake mtiririko usiokatika, na ucheleweshaji wa makusudi wa mikrosekunde 500 ukiwekwa ndani ya rutini kabla ya kusoma rejista ya kupokea. Kwa biti 9600 ucheleweshaji huo unalifanya eneo la hatari lichukue karibu nusu ya muda wa kila baiti. Rutini ya zamani hunyamaza karibu mara moja chini ya jaribio hilo, na ile inayozunguka huendelea kupokea na kutuma pande zote mbili bila kukosa baiti.